Doa Likihama na Mgonjwa

Vijana wangu wa eksirei, siku ile mliponikatia keki mkasema, "Mama Sifuna, tuachie maneno mawili matatu," niliitikia nitaandika. Najua mlidhani ni yale ya "tutaonana", ambayo mtu husema akiwa ameshashika begi. Sasa nimekaa hapa nyumbani Kimilili, miguu juu ya kigoda, na sina foleni mlangoni. Nimegundua mstaafu hasumbuliwi na umaskini kama anavyosumbuliwa na kukosa wa kumwambia, "Vuta pumzi, shika hapo hapo, usipumue." Juzi nilimwambia jogoo. Hakushika.

Sitawaandikia habari za vyeo. Vyeo vilikuja vyenyewe, vingine vikachelewa, na hakuna mgonjwa aliyepona kwa sababu mimi nilipandishwa daraja. Nitawaandikia juu ya makosa yangu, hasa moja, na juu ya watu walionishika mkono nilipokosea. Nawashukuru mpaka leo.

Nilianzia Kitale, katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, maana nilidhani eksirei ni kazi ya kubonyeza swichi. Aliyenipokea ni Mzee Njoroge, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakapata shamba Trans-Nzoia kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa mfupi, mpole, koti lake jeupe limejaa madoa ya dawa ya kuoshea picha. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeshafungua mlango wa chumba cha giza wakati filamu iko ndani ya dawa. Mwanga ukaingia, nyonga ya mama mmoja aliyeanguka kwa mchongoma ikageuka nyeusi tititi.

Nilingoja matusi, lakini Njoroge alivuta ndoo, akaipindua, akaniambia, "Kalia hii. Usitoke mpaka uone vidole vyako."

"Lakini mzee, ni giza!"

"Si ndiyo maana. Giza haina haraka. Wewe ndiyo iko na haraka."

Nyinyi wa kompyuta hamkujua adha hiyo. Picha yenu inatokea kwenye kioo kabla mgonjwa hajashusha kidevu. Sisi tulikuwa na kaseti, sanduku bapa la chuma mfano wa trei ya chai yenye kifuniko, na ndani yake skrini mbili nyeupe. Filamu ililala katikati ya skrini hizo. Miale ikipita kifuani mwa mtu na kufika pale, skrini zinawaka, na mwako huo ndio unaochora picha. Basi chembe ya vumbi ikikaa kwenye skrini, inaziba mwako, na pale pale filamu inatoka na doa jeupe. Kwa hiyo kila Jumatatu tulifungua kaseti zote, tukazipangusa kwa kitambaa laini na sabuni kidogo, tukazisimamisha zikauke kama vyombo vya harusi.

Njoroge alinifundisha kanuni moja ambayo nilipaswa kuiandika kwenye paji la uso. "Ukiona doa, usiulize ni la nini. Uliza ni la nani. Piga tena na kaseti nyingine. Likibaki na kaseti, ni la kaseti. Likihama na mgonjwa, ni la mgonjwa."

Siku moja zilitufikia kaseti mpya. Kwenye sanduku kulikuwa na maneno ya Kizungu yaliyosema kwamba skrini hizo ni za udongo adimu. Nilicheka. "Mzee, wametuuzia udongo? Si huku Kitale iko bure?" Njoroge naye alicheka, kisha akaniketisha. Akaeleza kwamba jina tu ndilo la udongo. Hizo ni metali, ndugu kumi na saba wanaofanana hata kuwatenganisha ni shida, na unga wao ukipakwa kwenye skrini unawaka kwa miale kidogo tu. Mgonjwa anapigwa miale michache, na picha inatoka safi. Nilizipenda skrini zile. Nilikuwa na mimba ya Sifuna wakati huo, na chochote kilichopunguza miale kilikuwa rafiki yangu.

Njoroge alistaafu, mimi nikabaki na funguo za chumba cha giza. Ndipo akaja Wanyonyi.

Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, mwenye mabega ya mchezaji mpira, na kikohozi kikavu kilichomshika miezi. Karatasi yake ilisema: Kazi, ranchi. Nikajua ni mchunga ng'ombe wa mashamba yale makubwa. Foleni siku hiyo ilifika mpaka kwa mti wa jakaranda, na filamu zilikuwa zimebaki chache, hatujui nyingine zitakuja lini. Nikamsimamisha. Kidevu juu, mabega mbele, vuta pumzi, shika. Nikaenda gizani kuosha.

Picha ilipotoka nilikasirika. Mapafu yote yalikuwa yamenyunyiziwa madoa madogo, makali, meupe kuliko hata mbavu. Ungedhani mtu amemwaga chumvi. Ugonjwa ninaoujua hauwi mweupe hivyo, huwa kama wingu. Wiki iliyotangulia nilikuwa likizoni, na nikaona wazi kwamba Jumatatu hiyo hakuna aliyepangusa kaseti. Nikaifungua kaseti, nikaipangusa huku nikinung'unika. Nilipaswa kumrudisha Wanyonyi nimpige tena. Nikatazama foleni, nikatazama sanduku la filamu, nikajiambia, ah, kifua si kinaonekana? Nikachukua kalamu nikaandika juu ya bahasha, kwa mwandiko wangu mzuri ninaojivunia: "Madoa ni uchafu wa kaseti."

Maneno matano hayo. Daktari aliyesoma bahasha aliniamini, maana nilikuwa mtu wa kuaminika. Makohozi hayakuonyesha kijidudu, lakini mtu anakohoa, anatoka jasho, anakonda, wangemwacha afe? Wakamwanzishia dawa za TB, miezi sita. Na mimi muda si mrefu nikahamishiwa Bungoma, nikamsahau kabisa.

Ilipita miaka miwili na kitu. Asubuhi moja pale Bungoma aliingia mwanamume amevaa barakoa, mabega yameanguka, anapumzika kila hatua tano. Sura yake sikuikumbuka. Mimi nakumbuka vifua, sura huwa zinanipita. Nikampiga picha, nikaenda kuiosha, na ilipoanza kujitokeza mle ndani ya dawa nikaiinamia mpaka pua ikakaribia dawa. Chumvi ile ile.

Kaseti ilikuwa mpya, tumeifungua mwezi huo. Nikachukua nyingine nikampiga tena. Madoa yapo. Nikamgeuza ubavu nikapiga mara ya tatu, na safari hii nikasema foleni inune ikitaka. Madoa yakageuka naye.

"Ndugu yangu," nikamuuliza, "ulishawahi kupigwa picha mahali pengine?"

"Kitare, mama. Niko nayo hapa." Watu wetu hutunza filamu kuliko hati ya shamba. Akatoa bahasha iliyokunjika kwenye mfuko wa nailoni, na juu yake palikuwa na mwandiko mzuri ninaoujivunia.

Vijana, sijui kama mnaweza kuelewa. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Niliziweka filamu mbili juu ya taa, ya zamani na ya leo. Madoa ya zamani yalikuwa pale pale, kila moja mahali pake, na mapya yameongezeka katikati yao. Yalihama na mgonjwa, kutoka Kitale hadi Bungoma, na mimi ndiye niliyeyaita uchafu.

Nikazibeba mkononi, zile mpya zikiwa bado mbichi, nikampelekea Daktari Cherop. Huyu alikuwa binti wa Mlima Elgon, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mkavu wa maneno. Alikuwa na faili ya Wanyonyi mezani na anakaribia kumwandikia kuwa TB yake ni sugu. Hiyo ilikuwa na maana ya sindano miezi na miezi, na kutengwa na watu. Nikamwambia kosa langu lote bila kulipunguza. Hakunipa pole. Hakunigombeza pia. Alimwita Wanyonyi ndani.

"Huko ranchi, mnachunga ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe gani, dakitari?"

"Si wewe unafanya kwa ranchi?"

"Ranchi? Mimi?" Wanyonyi alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, tukamngoja. "Mimi nasugua renzi, bana. Renzi ya miwani!"

Sasa mimi ni Mbukusu, nina ruhusa ya kusema. Kwetu sisi L na R ni ndugu wa nyumba moja, wanavaliana nguo. Kijana alisema "renzi" pale Kitale, karani akasikia "renchi", akaona afadhali amsahihishie, akaandika ranchi. Kwa miaka miwili na kitu kila daktari aliyesoma faili alikuwa anamtibu mchunga ng'ombe.

"Kazi hiyo iko na vumbi?" Cherop akauliza.

"Hapana. Ni kazi ya maji. Poda unachanganya na maji iwe kama uji, unaweka kwa gurudumu, unasugua renzi mpaka ing'are."

"Na poda ikiisha?"

"Haiishi. Ile imetumika tunaanika kwa trei nyuma, ikikauka tunaponda, tunachekecha na soksi ya wamama. Tena inatumika." Alisema kwa fahari, maana yeye ndiye aliyekuwa hodari wa kuchekecha. "Hiyo chumba ni kadogo, na ukifungua dirisha upepo itabeba poda, kwa hivyo tunafunga."

Mimi na Cherop tukaangaliana. Kwa Wanyonyi vumbi ni lile la barabara ya Misikhu wakati wa kiangazi. Hii ilikuwa poda, na poda hupakwa watoto. Kwa miaka saba alikuwa anaichekecha dirisha likiwa limefungwa. Na jambo lililotuogopesha zaidi ni hili: alikuwa amesharudi kwenye kazi ile mara moja, baada ya zile dawa za miezi sita, kwa sababu kupumzika nyumbani kulimpa nafuu akadhani amepona. "Na hata saa hii," akasema, "bosi ameniwekea nafasi. Nikipona tu narudi."

Aliporudi wiki iliyofuata, mkewe Nafula alileta kopo la poda hiyo. Lilikuwa nyumbani, kwani Wanyonyi alikuwa akipata vibarua vya kusugua vioo vya magari vilivyokwaruzika. Poda yenyewe ilikuwa laini, rangi ya waridi iliyofifia, ungeweza kumpaka mtoto kweli. Nikageuza kopo nisome kibandiko. Oksidi ya seriamu. Na chini yake, kwa herufi ndogo, yale maneno ya Kizungu niliyoyacheka Kitale: udongo adimu.

Nikafanya kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote. Nilitia kijiko cha poda kwenye karatasi ya nailoni, nikailaza juu ya kaseti, nikaipiga picha. Ilitoka nyeupe pe, nyeupe ile ile ya madoa. Cherop aliitazama kwenye taa, akasema, "Haya basi," na kwa Cherop hiyo ni hotuba.

Alimpeleka Eldoret kwa bingwa wa mapafu. Wakachukua kipande cha pafu, wakapima, na jibu likaja: si TB. Haikuwa TB tangu mwanzo. Ni metali iliyolala kwenye mapafu, na mapafu yameanza kufanya kovu kuizunguka. Bingwa alisema wazi kwamba hakuna dawa ya kuiosha itoke, na kwamba hata wasomi bado hawajui mengi juu ya metali hizi zikiingia mwilini. Wanajua hivi tu: ukiendelea kuivuta itakumaliza, ukiacha mapema kovu linaweza kusimama hapo. Nami niliwaza skrini zangu nilizozipenda. Zimefungwa, hazipeperuki, zilinipunguzia miale mimi na mwanangu. Ndugu wa zile metali za skrini, akichekechwa kwenye chumba kisicho na hewa, alikuwa anamuua mtu polepole.

Cherop aliandikia watu wa afya ya jamii, wakaenda kwenye ile karakana ya miwani. Kuanika na kuchekecha kukakoma, dirisha likafunguliwa, na wasuguaji wawili wengine wakaja kupigwa picha. Mmoja alikuwa na madoa machache. Aliacha kazi akiwa bado anaweza kukimbia, na namshukuru Mungu kwa huyo.

Nikamwita Wanyonyi pembeni. Nikamwonyesha bahasha, nikamwambia, "Hii ni mkono wangu. Ningekurudisha siku hiyo, ungeacha kazi miaka miwili mapema."

Aliisoma. "Kwa hivyo ile uchafu ulisema ni ya kaseti, ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa yako."

"Basi mama, uchafu uliijua. Ulikosea tu ni ya nani."

Nililia, na sikujificha. Mtu ana haki ya kukutemea mate, anakupa kicheko. Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu Eldoret. Hakuuliza ataishi miaka mingapi. Aliuliza, "Sasa mama yangu atakubali nishike mtoto?"

Hapo ndipo nilipojua. Binti yake Nanjala alikuwa mchanga wa miezi michache TB ilipotajwa. Mama yake Wanyonyi, anayeuza vitunguu na omena soko la Misikhu, alimchukua mjukuu nyumbani kwake. Mwanawe aliporudi akiwa hoi, alimweka kwenye kibanda cha pembeni cha boma lile lile, akamwekea sharti: mtoto asiguswe. Yule mama alikuwa amezika dada wawili kwa TB. Karatasi ya Eldoret aliiangalia juu chini akasema karatasi hazikohoi.

Kabla sijawapeleka Misikhu niwaambie ya sasa, msije mkauliza. Wanyonyi yuko hai. Anauza miwani ya kusomea sokoni, lenzi zilizosuguliwa na wengine, na hudai yeye peke yake katika Bungoma nzima ndiye anayejua bei yake halisi. Kila mwaka alikuja nimpige picha. Madoa hayakuondoka, na tangu aache poda sikuona jipya. Mlima humshinda, tambarare anaenda. Akija kwenu mwaka huu, mlinganisheni na filamu ya zamani, msiridhike na kompyuta kusema hakuna mabadiliko. Na mgonjwa akikwambia kazi yake, mwambie akuonyeshe kwa mikono. Usimsahihishie.

Basi Jumamosi iliyofuata nilifika Misikhu na filamu mbili kwapani. Mama Robai, ndilo jina lake, alinikaribisha vizuri, akafuta kiti, lakini macho yalikuwa ya mtu wa soko anayepima mteja. Nikaziinua filamu kwenye jua, nikamwonyesha madoa, nikamweleza kwa Kibukusu chetu. Nikamwambia pia kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu.

"Wewe ndiye ulikosea," akasema. "Na leo umekuja tena kuniambia nikuamini?"

Alikuwa amesema kweli.

Chai ikaletwa. Ukutani, mbali na vyombo vingine, palining'inia kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Sikuhitaji kuuliza; kilikuwa cha Wanyonyi peke yake. Nikasema, "Mama, nitilie kwa hicho." Akasita. Nikakitoa msumarini mwenyewe, nikakishika mbele ya birika mpaka alipomimina. Nilikunywa chote. Sukari ilikuwa nyingi kupita kiasi, na aliniangalia koo kila nilipomeza.

Akanyanyuka. Akaenda mlangoni, akaita, "Nanjala! Kuja usalimie baba yako."

Mtoto akatokea nyuma ya nyumba, wa miaka mitatu na ushei, na aliposikia ni baba anayesalimiwa akavuta ukosi wa gauni akafunika mdomo, jinsi alivyofundishwa. Tangu baba yake aingie kibandani, na safari za hospitali zikianza mtoto akiwa bado amelala, alikuwa anamsalimia kila asubuhi akiwa uani, na baba yuko ndani, anaonekana dirishani kuanzia kifua kwenda juu.

Mlango wa kibanda ukafunguka. Wanyonyi akatoka, akasimama juani mzima mzima, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Nanjala alimwangalia kuanzia kichwani, akashuka taratibu, mpaka chini kabisa kwenye ndara.

"Kukhu!" akamwitia nyanya yake kwa mshangao. "Baba iko na miguu!"

Mama Robai akageuka upande wa jiko, akawa anapanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Wanyonyi hakuwa na pumzi ya kumwinua mtoto, kwa hiyo alivuta kigoda akakaa, akayapigapiga mapaja yake.

"Iko na magoti pia," akasema. "Kuja uone."

Nanjala akaachilia ukosi wa gauni, akaja, akayakalia.